Nyuzi zilizolala si hasara, mradi zisilale mtaro mmoja

Kila bei ya bando ikizungumzwa hapa Dodoma, haipiti dakika tano kabla mtu hajasema kwamba mkongo, yaani nyuzi za kioo zinazobeba intaneti, una uwezo mkubwa uliolala, na kwamba sisi walaji ndio tunaolipia nyuzi zisizobeba kitu. Hoja hiyo ina ukweli wake, nitaufikia. Ila watetezi wa njia ya akiba, ile ya pili inayosubiri ya kwanza ikatike, wameeleweka vibaya, na sehemu ya kosa ni yao: hujibu kwa istilahi mahali ambapo wangefungua tu ramani ya barabara.

Kinga kamili dhidi ya kukatika ni hivi. Data ileile hutumwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na mtambo wa upande wa pili huchagua iliyofika salama. Njia moja ikikatika, mhamo kwenda ya pili humalizika ndani ya milisekunde 50 hivi. Aliye kwenye simu hajui kama kuna kitu kimetokea. Gharama yake ni kwamba kila uwezo unaouzwa una pacha wake asiyeuzwa. Ndiyo maana wengine hupendelea akiba ya kushirikiana: njia tatu au nne zinaegemea akiba moja, kwa kutarajia kwamba hazitakatika siku moja.

Kwa nchi yetu ya kati, matarajio hayo ni ya kiangazi. Mvua za Dodoma ni chache, kati ya Desemba na Aprili, lakini zikija huja kwa kishindo, na korongo lililokuwa njia ya mbuzi asubuhi jioni linaondoka na kalvati. Wanaoijua reli ya kati hawahitaji kusimuliwa habari za kipande cha Kidete hadi Gulwe na mafuriko yake. Mvua haikati njia kwa zamu. Na ikishakata, fundi wa kuunga nyuzi naye amekwama ng'ambo ya daraja lilelile.

Sasa hesabu, ambayo kwangu ndiyo kiini. Njia yenye upatikanaji wa asilimia 99.9, yaani inayofanya kazi kwa sehemu hiyo ya muda wote, inasikika kama njia bora. Kwa mwaka hiyo ni saa 8 na dakika 45 za giza, na mkataba haujali kama zimegawanyika sekunde sekunde au zimeangukia siku moja ya mwisho wa mwezi, ofisi za serikali za Mtumba zikisubiri malipo yapite. Chukua njia mbili za namna hiyo zisizohusiana kabisa: uwezekano wa zote kuwa chini kwa pamoja unashuka hadi takribani sekunde 31 kwa mwaka. Kutoka saa karibu 9 hadi nusu dakika! Hicho ndicho kinachonunuliwa na nyuzi zinazoonekana kulala.

Lakini neno zito hapo ni "zisizohusiana". Nyuzi nyingi hufuata hifadhi ya barabara. Tuseme njia ya kwanza kutoka Dar es Salaam inapita Morogoro na Gairo, ya pili inapita Iringa na Mtera. Kwenye mchoro wa ofisini ni mduara mzuri. Barabarani, zote mbili zinatoka Dar hadi Morogoro pamoja, kilomita 190 hivi kati ya 450 za safari ya kuja Dodoma. Kama zimelazwa mtaro mmoja, na kama hatari inalingana na urefu, zile sekunde 31 zinageuka saa 3 na dakika 40. Katapila moja halihesabu nyuzi ngapi zimo ardhini. Baharini tuliliona jambo la aina hiyo tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja upande wa kusini: mikongo miwili yenye majina mawili, na Tanzania ikabaki ikinyata.

Wanaolalamikia uwezo uliolala wako sahihi kwa jambo moja. Njia ya akiba inaweza kubeba kazi nyepesi siku za amani, video na masasisho ya simu kwa bei nafuu, kwa makubaliano kwamba siku ya ajali zinashushwa na muamala wa wakala unapita kwanza. Huo si ubaguzi, ni kupanga ubora kwa daraja, na sioni kwa nini mlaji asiuziwe bando la namna hiyo kwa uwazi.

Wasichofaa kudai ni kwamba njia ya pili iachwe. Mwanga hutumia takribani milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000, kwa hiyo kuzunguka Kondoa, Babati, Arusha na Moshi kunaongeza milisekunde 3 hivi, kiasi ambacho sikio halikisikii. Barabara hiyo ya kaskazini inaikwepa Morogoro kabisa. Kisha inashuka Segera, na kuungana na ya Morogoro pale Chalinze, zikiwa zimebaki kilomita 100 hivi kufika Dar. Anayelipia kinga aulize kuhusu kilomita hizo 100 kabla hajauliza bei.