Mtaa wa Undefined

Adui yangu katika maisha haya si kodi ya nyumba wala foleni ya asubuhi, bali ni nukta. Juzi nilihitaji jambo dogo tu, mtaa anakoishi mteja, nikaandika katika JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kurasa za wavuti, oda.mteja.anwani.mtaa, ambapo kila nukta hufungua kilichomo ndani ya kilichotangulia, kisha nikaenda zangu kunywa chai. Saa tano mteja mmoja akaagiza unga bila kujaza anwani, na ukurasa mzima ukawa mweupe kama sanda. Lugha hii ukiiuliza anwani isiyokuwepo hukujibu undefined, yaani "hakijawekwa", bila kinyongo, lakini ukithubutu kuweka nukta nyingine juu ya jibu hilo inasusa kazi yote. Mtoto ukimtuma kiberiti jikoni akakikosa, hurudi mikono mitupu; habomoi jiko.

Zamani tulibisha hodi kila mlango, oda && oda.mteja && oda.mteja.anwani && oda.mteja.anwani.mtaa, mstari mrefu kuliko salamu za ukweni. Toleo la lugha hiyo la mwaka 2020 likaleta alama ya kuuliza kabla ya nukta, oda?.mteja?.anwani?.mtaa, ambayo ikikuta null (tupu iliyowekwa makusudi) au undefined husimama hapo hapo na kurudisha undefined kwa adabu. Nilifurahi, nikainyunyiza kila mahali kama chumvi, hata pale ambapo kukosekana kwa kitu kulipaswa kupigiwa kelele. Basi seva ilipobadilisha jina la "anwani" likawa "makazi", hakuna kilicholia. Kwa siku tatu risiti zilitoka zimeandikwa "Mtaa: undefined", hadi dereva wa bodaboda akanipigia simu kuniuliza mtaa huo uko upande gani wa mji.

Ada ya usafiri nayo nilikuwa nimeiwekea kinga, oda?.ada || 3000, yaani ada ikikosekana, chukua 3000. Mteja aliyeahidiwa kupelekewa bure ada yake ni 0, na alama zile || huihesabu sifuri kuwa ni ukosefu, kwa hiyo akadaiwa shilingi 3,000 za ahadi ya bure. Baada ya kusemwa vya kutosha niliweka ?? mahali pake, ambayo hushughulika na null na undefined peke yake. (Kwa nini lugha moja iwe na "hakuna" mbili, hilo nimeliacha.)

Sasa simu inaita tena. Ni yule yule dereva, anasema leo mtaa ameuona, ila nyumba namba NaN (Not a Number, yaani "si namba") kila anayemuuliza anamcheka.