Sukuma za kando ya mto ama vumbi la mlangoni?

Kila baada ya muda hapa Nairobi inarudi ile stori ya sukuma za kando ya mto Nairobi na mto Ngong, eti zimejaa risasi, ile metali yenye sumu (lead), msinunue, kanju ije izing'oe zote. Wengine wanajibu kwa uchungu, tumekula hizo mboga tangu utotoni na bado tuko, na mkizing'oa mama wa Korogocho atapika nini jioni? Mi naona kila upande una ukweli wake, shida ni wote wanaangalia sahani na hakuna anayeangalia chini pale mtoto anachezea.

Wanaoogopa hawaogopi bure. 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lililo hapa hapa Gigiri, lilitoa ripoti kuhusu jalala la Dandora. Watoto 328 walipimwa na nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu ya mikrogramu 10 kwa desilita ama zaidi, na hio 10 ndio ilikuwa kiwango cha kushtuka wakati ule. Siku hizi Marekani inashtuka kwa 3.5, na WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Udongo nao, karibu sampuli 42 kwa kila 100 zilipita miligramu 400 za risasi kwa kilo, na udongo msafi hukaa kama 50 hivi. Mtoto aliyekuwa na miaka 5 wakati ule saa hii ni mtu mzima, pengine ni mama, na risasi hujificha kwenye mifupa miaka mingi alafu mimba ikiingia mfupa unaiachilia na inamfikia mtoto tumboni.

Kwa hivyo hio "tumekula na bado tuko" mi siikubali. Risasi haikuangushi ukiwa njiani. Inamla mtoto akili polepole, anasahau, hatulii darasani, na mwalimu anasema ni mvivu na mzazi anamchapa. Kadimiamu nayo, metali nyingine yenye sumu, inakaa kwenye figo miaka na miaka bila kubisha hodi.

Lakini hapa ndio wale wa upande wa pili wana point kubwa. Kiwango kilicho kwenye udongo sio kilicho kwenye mwili. Risasi hushikana na udongo kweli kweli, mizizi huvuta kidogo tu, na mara nyingi ile inapatikana kwa sukuma imekuja juu ya jani, vumbi la barabara na matope yanayoruka mvua ikinyesha. Nilikuwa kwa shangazi yangu huko Eastlands akiosha mboga, maji ya kwanza yalikuwa ya kahawia kama chai, ya pili yana mchanga laini umetulia chini ya karai, ya tatu ndio yakaonyesha rangi ya karai. Huo mchanga ndio risasi nyingi inapandia. Kadimiamu ni kitu tofauti, yenyewe inapanda kutoka mizizi hadi ndani ya jani, sanasana udongo ukiwa na asidi, na hio hata uoshe mara kumi haitoki. Kwa hivyo ukisikia "metali nzito" uliza kwanza ni gani, juu dawa ya moja sio dawa ya nyingine.

Sasa tupige hesabu kidogo. Wataalamu wakikadiria hatari huchukulia mtoto mdogo anaweza kumeza hadi miligramu 200 za udongo kwa siku, yaani kile unaweza kushika kwa ncha ya vidole viwili, kupitia mikono na vitu anatia mdomoni. Udongo ukiwa na ile 400, hio ni mikrogramu 80 za risasi. Chukua gramu 100 za sukuma zilizo pale pale kwa kikomo cha kimataifa cha mboga za majani, miligramu 0.3 za risasi kwa kilo, unapata mikrogramu 30. Ni kweli si risasi yote iliyo kwenye udongo inaingia kwa damu, na kuna sukuma zinapita kikomo mbali sana, lakini unaona venye uwanja wa kuchezea unaweza kushinda sahani. Alafu tumbo la mtoto hunyonya hadi nusu ya risasi anayomeza, mtu mzima ni kama sehemu moja kwa kumi.

Ndio maana kung'oa sukuma kwa sababu ya namba moja ya udongo naona ni haraka. Pima udongo pale mtoto anacheza, pima jani likiwa limeoshwa na likiwa halijaoshwa, na zaidi ya yote pima damu. Phyllis Omido, mwanaharakati wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliokuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za gari, alianza kupiga kelele baada ya mtoto wake mwenyewe kupatikana na risasi kwenye damu, na 2020 mahakama ikaamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kadimiamu ikipatikana juu, hapo nakubaliana na wa upande wa kwanza, acha kupanda majani, panda nyanya ama mahindi, juu matunda na mbegu kwa kawaida huvuta kidogo kuliko jani. Na wale wa kilimo cha gunia waulize pia ule udongo wa kujaza gunia umechotwa wapi. Mama wajawazito wanaotafuna odowa nao, hayo mawe yamechimbwa wapi?

Shangazi sikumwambia ang'oe kitu. Nilimwambia anyunyize maji mlangoni kabla ya kufagia, na mjukuu anawe mikono kabla ya kila mlo, juu nyumba ya tatu kutoka kwake kuna jamaa anavunja betri kuukuu za gari kutoa risasi ya kuuza, na watoto wote wa ploti wanacheza hapo. Tumemwendea mara mbili kumwomba ahame na hio kazi. Asubuhi nyundo bado inasikika.