Chura Hanunui Maji, Mimi Plamba Nanunua

Kazi yangu ni plamba na kwangu hakuna maji. Cheka kwanza, maliza, alafu tuongee. Huku Kayole mfereji wa ploti yetu huamka siku yenyewe inapotaka, saa tisa usiku, unakohoa upepo, unatema kutu, na ukikimbia na ndoo unapata Mama Otis wa ground ashapanga mitungi yake yote na juu yake ameweka jiwe la kushikia shemeji yake nafasi, shemeji ambaye hata haishi hapa. Keateka ukimuuliza anakwambia presha iko chini. Ananiambia mimi presha! Mimi!

Sasa kilichonimaliza ni huyu binti yangu Njeri, yuko form four, anasoma baiolojia kwa sauti kila usiku juu ati asipojiskia haishiki, na nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia, kwa hivyo tunasoma sote, upende usipende. Siku hizi yuko kwa ile sehemu ya vile viumbe hutoa taka mwilini. Nilianza kuskiza nikiwa nimelala, saa hii huwa naketi kabisa. Manake hawa wanyama wote tunaishi nao hapa bure walishamaliza hii shida ya maji kitambo sana na hakuna aliyekuja kutuambia kitu.

Anza na chura. Mvua ikipiga kidogo tu, mtaro wa nyuma ya ploti unajaa na usiku hakulaliki. Njeri anasema wenye kupiga hizo kelele ni madume, ndio wana ule mfuko wa koo unaofura, wanaita majike waje watage. Yaani jamaa amepata kidimbwi ambacho kesho jua litakimaliza na tayari anatangaza ana boma. Alafu skia hii, chura hanywi kwa mdomo, anakalia maji. Chini ya tumbo na kwa mapaja ana ngozi laini, akikaa pahali pana unyevu yanaingia yenyewe. Nikamwambia Njeri rudia hapo, akarudia. Anakaa, anashiba. Mimi nikikaa pahali pana unyevu napata baridi yabisi.

Lakini nikiangalia kifundi, ile ngozi ni kazi ya haraka haraka. Vile maji yanaingia ndivyo yanatoka, jua likiwaka jamaa anakauka, na hewa nyingine anavuta kwa hiyo ngozi so lazima iwe chepechepe saa yote. Mayai nayo hayana ganda, ni utelezi tu, dimbwi likikauka familia imeenda. Viluwiluwi wake wanatoa amonia, ambayo ni sumu na inataka maji mengi ya kuipunguza makali, lakini wao wako ndani ya maji tayari kwa hivyo wanaachilia tu hapo hapo, nani atawauliza. Akikuwa chura mzima anabadilisha, anaanza kutoa yurea vile mimi na wewe tunatoa, na hapa sasa ndio nilipandwa na hasira.

Juu yurea haitoki bila maji. Njeri anasema mtu mzima lazima atoe karibu nusu lita ya mkojo kwa siku ndio taka ziishe mwilini, hata kama hajakunywa vizuri. Sawa, nusu lita. Wacha niongeze kitu hawafundishwi shule: zile sistani za zamani nafunga na kufungua kila siku zinameza lita 9 kwa flashi moja. Lita 9 kusindikiza glasi ya mkojo! Na mtungi wa 20 ni shilingi 20 mambo yakiwa mazuri, kukikauka ni 50 na mwenye mkokoteni hataki hata umwangalie kwa macho. Piga hesabu wewe, mimi sitaki, nitalia.

Ndege hana hayo mambo. Ndege wengi hawana hata kibofu. Taka zao wanazigeuza asidi ya yuriki, uji mweupe mzito ambao hauhitaji maji mengi ya kuusukuma, unatoka pamoja na kinyesi kwa tundu moja linaitwa kloaka, na tundu hilo hilo ndilo linatoa mayai. Kwa hivyo ukiangukiwa kwa shati pale stage, ile sehemu nyeupe ndio haja ndogo, nyeusi ndio kubwa, umepewa zote mbili bila kuomba. Mjusi ni hivyo hivyo. Niko na mjusi kafiri anaishi nyuma ya saa ya ukutani, kodi halipi, hata kope hana, macho anajipangusa kwa ulimi, na kila asubuhi ananiachia kwa meza kitu cheusi chenye kofia nyeupe. Kikavu. Unafagia, imeisha hiyo, hakuna kutafuta ndoo.

Mimi kifundi, mtu akiniletea ramani ya nyumba ambayo choo, bafu na chumba cha kujifungulia zote zinatokea kwa paipu moja, namrudishia karatasi yake na nauli. Lakini nimezibua manholi karibu nusu ya hii Nairobi na sijawahi kupigiwa simu ati kuja, mjusi ameziba.

Na ngozi yake ya magamba haivuji ovyo. Na yai lake lina ganda, ndani mtoto ana maji yake ya kuogelea, hahitaji mtaro wa mtu. Hiyo teknolojia ya yai kujibebea dimbwi lake iko duniani zaidi ya miaka milioni 300, ndege na nyoka na kobe wote walirithi hapo, na sisi bado tunasukumana kwa mfereji na jiwe la shemeji. Yule kinyonga wa pembe tatu wa huku kwetu bara, ambaye wamama wa ploti wakimwona wanatoka mbio wakiacha slipasi, hata yai la kuweka chini hataki, anabeba watoto kwa tumbo mpaka wanazaliwa wakitembea. Kiu ikimshika analamba matone kwa majani. Bili ya maji: sufuri.

Kuna mpaka chura mmoja alichoka na maisha ya uchura, yule wa kijivu wa mitini anayetengenezea mayai nyumba ya povu kwa matawi juu ya maji. Huyo alihamia upande wa ndege, naye anatoa asidi ya yuriki, na ngozi yake haipotezi maji ovyo, anakaa juani ametulia tu. Hapo mke wangu alikuwa anaskiza, akauliza hilo povu ni la sabuni gani. Nikamwambia wanalipiga kwa miguu. Akaguna tu, nkt.

Sasa nisipoongea kuhusu yule korongo mkubwa, marabu, nitapasuka. Unamjua, wale wa miti ya pale raundabauti ya Nyayo, kichwa upara, mfuko unaning'inia shingoni, wima anafika mita 1.5, akitanua mabawa yanaweza kupita mita 2.5, na anakuangalia hapo chini vile afisa wa mikopo hukuangalia ukisema mwezi ujao. Ile miguu yake si myeupe. Ngozi yenyewe ni ya rangi ya giza. Kukiwa na joto anajinyea miguuni makusudi, ule uji ukikauka unapoesha damu inayopita hapo, na weupe unabaki. Yaani huyu hana maji ya kuoga, hana feni, hana stima, amechukua choo akakifanya eyakondishena. Mimi nikirudi kutoka kazi ya manholi nikiwa na harufu kidogo tu naambiwa nivulie viatu nje kwa korido.

Alafu kuna watu ambao hawana shida kabisa. Nikienda kazi Kileleshwa, kuna boma tajiri amechimba kisima chake, nyasi zinamwagiliwa asubuhi na jioni, NYASI, na juu ya hizo nyasi kumejaa hadada, wale kwarara wa kijivu wanaopiga kelele alfajiri mpaka unafikiri kuna mtu ameibiwa. Ncha ya ule mdomo mrefu ina vishimo vyenye neva, anadunga kwa udongo anaskia mnyoo ukijisogeza chini bila kuuona, na kazi hiyo inataka udongo laini wenye unyevu, ndio unaona anafuata penye mpira wa maji. Hawaji Kayole. Watadunga nini, kokoto?

Juzi Njeri alimaliza kitabu akaingia kwa simu, na hapo ndio nyumba iliingia moto. Akasoma juu ya firigogo, ndege wa nyika kavu anayefanana na njiwa, hata Tsavo wako. Vifaranga wao hawawezi kuruka kufika majini, basi baba mtu anaenda yeye, hata kilomita 30, anaingia kwa kidimbwi mpaka tumboni, anajitikisa manyoya yanywe maji, anabeba kama mililita 25 mpaka nyumbani, na watoto wanajipanga chini ya tumbo wanakamua kwa midomo. Mzungu mmoja anaitwa Meade-Waldo aliandika amewaona wakifanya hivyo, 1896, watu wakakataa kumwamini. Ikabidi ingojwe mpaka 1967, watafiti wawili, Cade na Maclean, walipoenda kwa firigogo wa jangwa la Kalahari wakathibitisha mambo ni vile alisema.

Nikajua tu nimeshikwa. Mama Njeri akaweka mwiko chini.

"Baba Njeri, unaskia wanaume wenzako?"

Nikamwambia mililita 25 ni vijiko vitano vya chai, mimi napandisha lita 40 mpaka gorofa ya nne, mkono huu mtungi na huu mtungi, huyo firigogo nimemshinda mbali sana, na yeye hajawahi kulipa mwenye mkokoteni. Njeri akasema lakini baba, yeye huwa hangoji kuambiwa. Nikamwangalia huyo mtoto, nikakumbuka fees nimelipa.

Mama yake hakuongeza neno. Alinyoosha mkono akanipapasa hiki kitambi polepole, huku na huku, alafu akauliza, "Na hapa ikiloa, tutapata kama lita ngapi?"