Nyonga iliyovunjika: kupasua, kungoja au kuacha?

Bibi akiteleza juu ya mawe ya volkano mjini Goma na bidoni ya maji mgongoni, kisha mguu mmoja ukaonekana mfupi na kugeukia nje, jamaa hugawanyika hapo hapo: kuna wanaotaka apasuliwe, na kuna wanaosema kisu kitammaliza, heri aitwe fundi wa mifupa.

Wanaoogopa kisu hawaogopi bure, maana hata katika nchi tajiri wazee 20 hadi 30 kati ya 100 waliovunjika nyonga hufariki kabla ya mwaka kwisha. Ila sehemu ya hatari hiyo hutokana na kulala kitandani, kwa vidonda, homa ya mapafu na damu kuganda, na banzi la fundi, ambalo pengine husaidia mkono, haliwezi kuushika mfupa wa nyonga. Kutopasua kuna nafasi yake, lakini ni finyu. Utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2022 uliwafuata wazee dhaifu sana waliokuwa katika nyumba za kulelea wazee: kati ya wasiopasuliwa, 83 kwa 100 walifariki ndani ya siku 30, dhidi ya 25 kwa 100 waliopasuliwa, na bado hali ya maisha ya wasiopasuliwa haikuwa mbaya kuliko ya waliopasuliwa. Kutopasua ni uamuzi wa heshima kwa mtu aliyekwisha kudhoofika, mradi apewe dawa za kutuliza maumivu. Kwa bibi aliyekuwa akijitekea maji, sivyo.

Kuhusu haraka, utafiti wa HIP ATTACK wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 2970 katika nchi 17, ulilinganisha upasuaji wa baada ya takriban saa 6 na ule wa baada ya saa 24. Vifo ndani ya siku 90 vilikuwa asilimia 9 na 10, tofauti isiyothibitisha kitu, ingawa waliowahishwa walichanganyikiwa akili kwa uchache na kusimama mapema. Kuna wanaotoa humo hoja kwamba kuchelewa hakudhuru. Naona wanakosea, kwa kuwa kundi la "waliochelewa" lilingoja siku moja tu, ilhali familia inayochangisha pesa za hospitali huweza kumaliza juma zima.

Aina ya upasuaji nayo huzua mabishano. Shingo ya mfupa wa paja, yaani sehemu yake iliyo kwenye nyonga, ikikatika na kuhama, daktari huweza kubadilisha nyonga nzima au nusu yake kwa ya bandia. Utafiti wa HEALTH wa mwaka 2019 uliona kwamba waliorudi kupasuliwa ndani ya miaka miwili walikuwa asilimia 7.9 kwa nyonga nzima na 8.3 kwa nusu. Nyonga nzima iliongeza kidogo wepesi wa kutembea, lakini pia ilichomoka mara nyingi zaidi. Kwa mzee sioni sababu ya kuuza kiwanja kwa tofauti hiyo. Jambo la kuuliza ni kama nusu hiyo itashikizwa kwa simiti ya mifupa, kwa sababu utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba waliowekewa simiti waliishi vizuri zaidi, na mfupa wao ulivunjika tena kwa nadra.