Ndege ikipigwa radi juu ya Ziwa Viktoria: hofu ya nani ina msingi?

Msimu wa mvua ukiingia, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, ubishi ule ule huzuka Kampala, kwenye teksi na kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu ametua Entebbe alfajiri, ndege imepita kwenye mawingu yanayomulika, abiria wameona mwanga mkali na kusikia mshindo, kisha wameshuka salama. Wapo wanaosema hapo hapo: mmeona, ndege haidhuriki na radi, acheni woga. Wengine wanajibu kwamba ndege za siku hizi ni kompyuta zenye mabawa, na kwamba radi moja kali, au mpigo wa sumakuumeme unaotokana na bomu la nyuklia, unatosha kuzima kila kitu angani. Wote wana sehemu ya ukweli. Ninachoona ni kwamba wote wanaangalia pasipo na hatari yenyewe.

Kwetu Uganda hili si swali la kujifurahisha. Takwimu za hali ya hewa za karne iliyopita ziliipa Kampala wastani wa siku 242 za ngurumo kwa mwaka, na Tororo ikatajwa kuwa na 251. Uwanja wa Entebbe uko kwenye rasi iliyoingia ziwani. Usiku pepo za nchi kavu huvuma kutoka kila upande na kukutana juu ya maji yenye joto, na hapo mawingu ya dhoruba hujengeka, yakasogea ufukweni asubuhi mapema, saa ambazo ndege za masafa marefu nazo zinafika.

Nianze na wasiokuwa na hofu, maana ushahidi wao ni mzito. Ndege ya abiria hupigwa na radi kwa wastani takribani mara moja kwa mwaka, na mara nyingi ni ndege yenyewe inayoichokoza: ikipita penye chaji nyingi, ncha zake (pua, ncha za mabawa, mkia) ndizo zinazoifungulia radi njia. Mkondo unaingia puani, unapita juu ya ngozi ya alumini, unatokea mkiani na kuendelea na safari yake. Haupiti ndani waliko watu. Kwa kuwa ndege iko mwendoni, mahali radi iliposhika huteleza kurudi nyuma, na fundi akikagua baadaye hukuta vidoa vidogo vilivyoungua, vimefuatana kwenye vichwa vya ribiti kando ya kiwiliwili.

Mganda ana haki ya kuuliza: mbona basi radi inatuulia watoto darasani? Tarehe 28 Juni 2011, katika Shule ya Msingi Runyanya, Kiryandongo, wanafunzi 18 walikufa kwa pigo moja. Tofauti iko kwenye njia ya mkondo. Darasa la kawaida la kijijini lina bati juu tu. Radi inatafuta ardhi, na isipowekewa waya mnene wa kuishusha hadi chini, itashuka kwa kuta, kwa sakafu na kwa miili ya watu. Ndege imezungukwa na chuma pande zote na haina mguu ardhini. Mkondo ukishaingia una pa kutokea bila kumgusa aliye ndani. Ndiyo maana mtu yuko salama zaidi kwenye kiti cha ndege iliyopigwa radi kuliko kwenye dawati la shule isiyo na kinga, jambo ambalo lingepaswa kutuuma sote.

Usalama huo ulilipiwa kwa maisha ya watu. Tarehe 8 Desemba 1963, Boeing 707 ya Pan Am ilipigwa na radi karibu na Elkton, Maryland, mvuke wa mafuta kwenye tangi la bawa ukalipuka, na watu wote 81 wakafa. Baada ya hapo masharti ya matangi, vifuniko vyake na matundu ya hewa yalikazwa. Kati ya 1980 na 1986 NASA ilirusha ndege ya F-106B ndani ya dhoruba makusudi, ikapigwa zaidi ya mara 700, ili kupima kinachotokea kwenye nyaya zake. Leo sehemu za ndege zilizo kwenye njia ya radi hupimwa kwa mkondo unaofika ampea 200,000, wakati radi ya kawaida ni kama 30,000 hivi.

Hadi hapo wasio na hofu wanashinda. Lakini ngozi ikishapitisha mkondo, kazi imebaki nusu. Mkondo unaopanda na kushuka kwa sehemu za milioni za sekunde huzaa uga wa sumaku, uga huo hupenya madirishani na kwenye maungio, na ukizikuta nyaya za ndani huamsha volti ambazo kompyuta hazikuzitegemea. Kwa hiyo nyaya muhimu huvikwa wavu wa chuma, na kwenye mlango wa kila kompyuta huwekwa vipande vya kumeza volti iliyozidi. Mifumo muhimu inawekwa zaidi ya mmoja, ikipitishwa njia tofauti, ili mmoja ukizimika mwingine ushike kazi.

Ajali ya Sheremetyevo, Moscow, tarehe 5 Mei 2019, ndiyo ninayotaka Waganda waisome kwa makini. Sukhoi Superjet ya Aeroflot ilipigwa na radi dakika chache baada ya kupaa kwenda Murmansk. Haikulipuka wala haikuanguka. Ilichopoteza ni rubani wa mitambo (mfumo unaoiongoza ndege bila mkono wa mtu) na redio kuu, na kompyuta zikaacha kulainisha amri za usukani: rubani akivuta, bawa linatii vile vile alivyovuta. Walirudi na mafuta mengi tangini, ndege ikagusa barabara na kuruka, ikagusa tena, magurudumu yakavunjika, tangi likapasuka na moto ukawaka. Kati ya watu 78 walikufa 41. Anayesema radi haikuiangusha hakosei, na anayesema bila radi watu wale wangefika Murmansk naye hakosei. Mimi nasema pengo lilikuwa kwa binadamu aliyebaki na ndege yenye mfumo wa umeme uliojeruhiwa, mikononi mwake, bila mazoezi ya kutosha ya hali hiyo.

Wenye hofu wana hoja nyingine, nayo ni nzuri: baadhi ya ndege mpya si za alumini tena. Karibu nusu ya uzito wa Boeing 787, na asilimia 53 ya Airbus A350, ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, ambazo hupitisha umeme vibaya kuliko alumini kwa zaidi ya mara elfu. Ili radi isizitoboe, chini ya rangi hutandazwa wavu mwembamba wa shaba. Mwaka 2021 Qatar Airways na Airbus waligombana vikali kuhusu rangi ya A350 iliyokuwa ikibanduka hadi wavu huo kuonekana. Mamlaka ya Qatar ilizuia ndege zisiruke. Wadhibiti wa Ulaya walisema usalama hauna tatizo. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano Februari 2023. Miaka hiyo hiyo baadhi ya wahandisi wa mamlaka ya anga ya Marekani walipinga uamuzi wa Boeing wa kuondoa sehemu ya shaba kwenye mabawa ya 787, nao uamuzi ukapitishwa. Kinga iliyoongezwa juu ya kaboni inaweza kuchakaa, na inaweza kupunguzwa kwa sababu za gharama.

Uganda Airlines ilianza 2019 na CRJ900 nne, kisha ikaongeza A330-800 mbili. Zote kwa sehemu kubwa ni alumini, na usukani wa CRJ900 bado unategemea kebo kuliko kompyuta. Katika hili tuko mahali pazuri.

Mpigo wa sumakuumeme ni habari nyingine. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la megatoni 1.4 kilomita 400 juu ya Bahari ya Pasifiki, na taa za barabarani zipatazo 300 zikazimika Hawaii, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka pale. Mpigo wa aina hiyo hupanda kwa sehemu za bilioni za sekunde, haraka kuliko radi, na unaweza kufika volti 50,000 kwa mita. Ndege za kiraia hupimwa dhidi ya radi na dhidi ya mawimbi ya rada na redio, ambayo makali yake hufika maelfu ya volti kwa mita, na wavu ule ule wa nyaya huzisaidia kiasi. Kiasi si yote. Ndege zilizokingwa kikamilifu ni za kijeshi kama E-4B ya Marekani. Kuzijaribu kulijengwa huko New Mexico jukwaa kubwa la mbao tupu, ili chuma kisiharibu vipimo. Kudai kinga hiyo kwa ndege ya abiria ya Entebbe ni kutaka shirika changa lijiandae kwa vita vya nyuklia huku dhoruba ya ziwa inakuja kila wiki.

Fedha zetu ziende kwa fundi. Chunguza bawaba ya usukani wa mkia: kuna msuko mfupi wa waya unaounganisha sehemu inayocheza na sehemu iliyotulia, ili mkondo upite hapo usiunguze bawaba. Ukilegea au ukiliwa na kutu, ukinzani (ugumu wa umeme kupita) unapanda, na ukinzani huo hupimwa kwa sehemu za elfu za omu, hauonekani kwa macho. Ndege ikipigwa na radi lazima iingie karakana: pua ikaguliwe kama vipande vya chuma vinavyoongoza radi viko sawa, misuko ipimwe, dira ihakikishwe. Shirika lenye ndege chache linaumia ratiba inapositishwa, na hapo ndipo shinikizo la kufupisha ukaguzi huzaliwa. Likataliwe kwa sauti kubwa. Na wanafunzi wa urubani wa Soroti wakiendelea na ndege kubwa, wafanyishwe mazoezi ya kutosha ya kutua na kompyuta zilizozimika.

Ndege ndogo za uwanja wa Kajjansi, zinazopeleka watalii kwenye hifadhi za Kidepo na Bwindi, nyingi hazikuundwa kuhimili radi kwa kiwango cha ndege za abiria. Tarehe 17 Aprili 1999 karibu na Dunstable, Uingereza, radi moja iliisambaratisha angani ndege isiyo na injini iliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo. Waliokuwemo wawili waliokolewa na miavuli. Kwa ndege hizi kukaa mbali na wingu ndiyo kinga yenyewe, na rubani anayekataa kupaa asibanwe na mwenye ndege wala na mgeni aliyekwisha kulipia chumba Kidepo.