Nyonga ya Mgonjwa wa Selimundu: MRI Imfae Nani?

Kijana mwenye selimundu anaanza kuchechemea. Anapigwa eksirei, anaambiwa mfupa hauna tatizo, anarudi nyumbani na dawa za maumivu. Baada ya miezi kadhaa anapigwa tena, na sasa kichwa cha fupa la paja, kile kinachoingia kwenye nyonga, kimebonyea. Wanaotaka MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili) ifanywe mapema huanzia hapa, na hoja yao ni nzito.

Katika selimundu, seli nyekundu za damu zilizopinda kama mundu huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha fupa hilo. Kikikosa damu, hufa. Lakini mfupa uliokufa unaweza kubaki na umbo lake kwa muda, na eksirei huona umbo. MRI, kwa sumaku na mawimbi ya redio, husoma maji na mafuta ya uboho, ndiyo maana huona madhara kabla mfupa haujabonyea.

Wanaopinga wanauliza: ukishajua, utafanya nini? Swali hilo linanisumbua, kwa sababu lina msingi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwalinganisha wagonjwa wa selimundu waliotobolewa mfupa kupunguza shinikizo kisha wakafanya mazoezi ya tiba, na waliofanya mazoezi pekee. Baada ya wastani wa miaka 3, upasuaji haukuonyesha faida ya ziada. Wagonjwa hawakufika 50, kwa hiyo haujafunga mjadala. Ila unatosha kumzuia daktari asiahidi kwamba kuwahi picha ni kuwahi kupona. Na MRI ni ghali kwa familia inayolipa mfukoni.

Hata hivyo, mwenye maumivu ya kinena yasiyokwisha (mara nyingine husikika gotini, yakapoteza watu njia) ilhali eksirei yake ni safi, mimi ningetaka apate MRI. Akijua, ataanza mazoezi yanayomfaa na kuupunguzia mguu mzigo, na nyonga ya pili itaonekana hapo hapo. Ugonjwa huu mara nyingi hushika zote mbili. Yule ambaye eksirei imeshaonyesha mfupa uliobonyea, mara nyingi fedha hiyo ingemsaidia zaidi kwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba, au katika akiba ya kubadilishiwa nyonga.

Anayekwenda kupimwa aseme mapema kama ana kifaa cha moyo au chuma mwilini. Akiambiwa atachomwa dawa ya kung'arisha picha, aulize ya nini: kutambua mfupa uliokufa kwa kawaida hakuihitaji, na selimundu huumiza figo, ambazo ndizo huitoa dawa hiyo mwilini.