Tupeni Dimbwi Letu Wanawake

Nimezaliwa Kuze, Mombasa, hatua chache tu kutoka Bandari ya Kale, na hadi leo sijui kuogelea. Kaka zangu walijua kabla ya kujua kusoma. Maji yakijaa walijirusha kutoka ukutani, na sisi wasichana tuliwashikia nguo.

Juzi nilimpeleka mtoto wa dada yangu ufuo wa Pirates, ana miaka 11. Aliingia na dera lake. Likajaa hewa, likafura mgongoni, kisha likalowa na kuanza kumvuta chini. Akang'ang'ania tairi tulilokodi huku akitazama ufuoni, nani anamwangalia. Maji hayakumtisha. Yalimtisha macho ya watu.

Hapo nilimkumbuka Fanny Durack wa Sydney, Australia, mwanamke wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki katika kuogelea: Stockholm, 1912, mita 100 mtindo huru. Karibu azuiwe kwenda. Chama cha wanawake waogeleaji cha kwao kiliwakataza wanachama kushindana mbele ya wanaume, hadi watu walipopiga kelele na nauli yake ikachangishwa. Katika mchujo aliweka rekodi ya dunia, dakika 1 na sekunde 19.8. Kwenye fainali mwenzake Mina Wylie alishika nafasi ya pili. Michezo ya 1916 ikavunjwa na vita; ya 1920 akaikosa kwa maradhi.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama cha kuvunja marufuku tu. Mimi nakishika upande wa pili. Pale Coogee, Sydney, kuna dimbwi la maji ya bahari kwenye miamba, la wanawake peke yao, na Durack na Wylie walikuwa wakiogelea humo. Lipo mpaka leo. Kwa hiyo wasiniambie stara na kuogelea haviendi pamoja. Dhahabu na fedha ya Stockholm zilikwenda kwa wasichana waliokuwa na mahali pa kujifunza bila kukodolewa macho.

Mombasa ni kisiwa, jamani! Kaunti ishindwe kuzungushia ua kipande kimoja cha ufuo, na mwalimu wa kike ndani yake?

Kwa sasa nimeiomba hoteli moja saa mbili tu za Jumatatu asubuhi, bwawa liwe letu. Walisema watanipigia simu. Mtoto kila akitoka madrasa huniuliza: "Mama mdogo, washapiga?"